Muulize Bibi Shamba: Miringaringa ya marehemu baba

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zina neno "bei". Kahawa ikipanda, hata waliokwisha kuisahau hukumbuka kwamba babu aliacha mibuni. Nimechagua nne, na ya mtani wangu ni ya tano. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni bibi shamba mstaafu, nakaa Kibosho, Kilimanjaro, nina kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, cha ekari moja na robo, na goti la kushoto linalonitangulia kujua mvua inakuja.

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kitinda mimba. Baba alifariki mwaka juzi, akaniachia kihamba Marangu. Kazi yangu iko Dar. Desemba nilipopanda nyumbani nilikuta mibuni mizee, mirefu hata matunda hayafikiki, chini ya miti ya kivuli, miringaringa minne na mruka mmoja mkubwa sana. Mtu wa mbao amekuja mara mbili, anaitaka miringaringa yote. Rafiki yangu anasema nisafishe kila kitu, nipande kahawa ya kisasa juani, ndiyo inayozaa. Nifanyeje? – Kitinda mimba, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu, na pole ya msiba. Pole haichachi.

Kabla sijakujibu, nikiri kosa langu. Mwaka 1986 nilikuwa binti mwenye cheti kipya, baiskeli ya ofisi, na gauni lenye madoa ya buluu ya mrututu, dawa ya kupulizia kahawa, yasiyotoka hata kwa jiki. Siku hizo tulihubiri jua. Kivuli kinaleta magonjwa, kivuli kinapunguza mazao. Ondoa kivuli, weka mbolea, piga dawa. Mzee mmoja wa huku kwetu alinisikiliza, akaangusha miringaringa mitatu. Mwaka wa pili mibuni yake ilizaa mpaka matawi yakalala chini, akanichinjia kuku. Mwaka wa nne matawi yalikuwa yamekauka kuanzia nchani, majani ya njano, punje nyepesi kama makapi. Mbuni ulio juani huzaa kwa pupa, na usipoulisha sawasawa unajila wenyewe. Mbolea na mrututu vilikuwa vinakuja kwa mkopo wa ushirika. Miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, mkopo ule ukayeyuka, mzee akabaki na jua lake. Nilipokwenda kumsalimu nilimkuta amekaa juu ya kisiki cha mringaringa kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Hakunilaumu. Alinipa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akaniuliza kama na mbege tutaambiwa tuache.

Kwa hiyo sikwambii habari za kusikia. Kihamba hakikupangwa ovyo. Juu mruka na mringaringa, katikati migomba, chini yake mibuni, chini kabisa magimbi, na mfereji unapita pembeni. Mruka ni wa jamii ya kunde, unaongeza rutuba kwenye udongo bila kukuletea risiti. Mpango huu ndio uliolifanya shirika la FAO, mwaka 2011, kukiingiza kihamba cha Shimbwe Juu, upande wa Uru, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Halafu kuna vibarua usiowaona. Kuna watafiti waliofunika mibuni kwa nyavu hapa hapa Kilimanjaro, pengine ndege na popo wasiifikie, pengine nyuki wasifike kwenye maua. Matokeo yalitoka 2014. Ndege na popo wakiachwa wale wadudu wao, matunda yanayoshika yanaongezeka kwa karibu asilimia 9. Nyuki wakifika kwenye maua, uzito wa tunda unaongezeka kwa karibu asilimia 7. Hawa hawadai posho, wanadai mahali pa kulala tu, na mahali penyewe ni miti ile anayoitaka mtu wa mbao.

Hata hivyo sisemi mti ni mungu. Msimamo wangu ni huu: nenda kasimame katikati ya mibuni saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ukiona ardhi ina madoadoa ya mwanga kama ngozi ya chui, kivuli kinatosha, usiguse. Ukiona giza tupu, mpe kijana anayejua kupanda akate matawi ya chini ya mruka na ya miringaringa. Matawi hayo ni kuni za mama wa jirani anayekuangalizia nyumba, na majani yaache pale pale yafunike udongo. Mringaringa mmoja ukiwa umezeeka au umeoza moyo, unaweza kuuvuna. Lakini anzia ofisi ya kijiji upate kibali, hata kama mti ni wako na kihamba ni chako, na upande miche miwili kabla shoka halijafika. Mingine mitatu mwambie mtu wa mbao asubiri wajukuu. Yeye analipa mara moja. Tena, kwa ninavyowajua, atakupa bei ya kuni, auze kwa bei ya kabati.

Sasa mibuni. Usiing'oe. Mizizi ya baba yako iko chini sana, mche wa kitaluni utahitaji miaka kuifikia. Kilichochoka ni shina. Ukishamaliza kuchuma, kabla ya masika, kata kwa msumeno, si kwa panga, urefu wa magoti au chini kidogo, mkato uwe wa mshazari ili maji yateleze yasituame. Yatatoka machipukizi kama kumi. Ukiyaonea huruma yote utapata kichaka. Acha mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotokea pande tofauti, mengine yavunje yakiwa bado laini. Usikate shamba zima kwa pamoja. Theluthi moja mwaka huu, nyingine mwakani, ya mwisho mwaka unaofuata, ili pasiwe na msimu usio na kahawa hata debe. Kwenye mapengo, hapo ndipo pa kahawa ya kisasa ya rafiki yako. Nenda Lyamungu, kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, uulize miche inayostahimili chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Miche hiyo itakupunguzia gharama ya dawa, na kivuli cha kadiri haikichukii.

Kuna swali hukuniuliza, nami nalileta kwa nguvu: nani atachuma? Wewe uko Dar. Kahawa haiivi kwa ajili ya Krismasi ya mtu. Inaiva kidogo kidogo, na mchumaji anarudi kwenye mti ule ule wiki hadi wiki, akitoa nyekundu tu. Mtunzaji unayemtumia elfu ishirini kwa simu ukikumbuka atakamua tawi zima, kijani na nyekundu pamoja, amalize aende kwake. Mpe sehemu ya mauzo, mkaandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Nimeona vihamba vikifa vikiwa na kivuli, mbolea na kila kitu, kwa kukosa mtu mmoja mwenye sababu ya kuamka.

Bibi Shamba, salamu kutoka Mbinga. Nina ekari mbili za kahawa. Kwa bei za misimu hii nataka kufungua ekari nyingine juu, kwenye msitu unaopakana na shamba langu. Wenzangu wameanza kufyeka. Ila karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, amepita na simu akapiga nukta ya ramani kila shamba, anasema Wazungu hawatanunua kahawa ya msituni. Ni kweli au vitisho? – Mkulima, Mbinga

Ni kweli, ila karani amekupa nusu ya habari.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023. Kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yasiingie kwao kama yametoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kumesogezwa mara mbili, na kwa sasa makampuni makubwa yamewekewa mwisho wa 2026. Sasa, tarehe ya kuanza inasogea, lakini ile ya 31 Desemba 2020 haijasogea hata siku moja. Picha za setilaiti za siku hizo zipo, na msitu wako unaonekana umesimama. Ukifyeka leo, kahawa utakayochuma miaka mitatu ijayo imeshachafuka kabla haijachanua. Ubaya ni kwamba haichafuki peke yake. Ghalani inachanganywa na ya wenzako, na chama kizima kinapata doa.

Nusu ambayo karani hakukwambia ni hii: miti iliyo ndani ya shamba lako si "msitu" kwa sheria hiyo. Kahawa yenye kivuli inahesabiwa kuwa shamba. Kwa hiyo usije ukakimbilia kukata miti ya kivuli kwa kuogopa setilaiti. Nasema kwa sababu nimesikia mtu akifanya hivyo.

Na shamba lisilozidi hekta 4, kama lako, linahitaji nukta moja tu, si kuzungukwa mpaka mzima. Lakini hakikisha nukta yenyewe. Huku kwetu kijana mmoja aliyekuwa akiandika alisahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Sisi tuko kusini ya ikweta, kama nyuzi 3 na kitu. Ukiondoa alama ile unakuwa kaskazini nyuzi 3 na kitu. Kihamba cha jirani yangu, chenye ndizi na mfereji, kikahamia jangwa la Chalbi huko Kenya. Tulicheka mpaka machozi, ila kahawa ile ingekwama. Muombe karani akuonyeshe nukta yako kwenye ramani ya simu. Kama haijakaa juu ya shamba lako, msitoke hapo. Na asikubali mtu yeyote kupigiwa nukta akiwa amesimama ghalani. Wakulima mia mbili hawawezi kulima kwenye mlango wa ghala.

Sheria ya Ulaya tuiweke kando sasa, maana hata isingekuwapo ningekukataza. Tupige hesabu. Umbali wa zamani wa futi 9 kwa 9 unakupa mibuni kama 537 kwa ekari. Ekari mbili, 1,074. Tuseme kila mti unakupa kilo 2 za matunda mekundu, na kwamba kilo 6 za matunda zinatoa kilo moja ya kahawa iliyokauka na ngozi yake. Una kilo 358. Ekari mpya, ikizaa kama hizi mbili zinavyozaa, itakuongezea 179, na hiyo ni baada ya miaka mitatu ya kupalilia visiki. Lakini mti uliopogolewa, ukawekewa samadi ya nguruwe au ng'ombe na kufunikwa majani, kilo 4 si miujiza. Hapo unaongeza 358 pale pale ulipo, huku panga la kufyekea likiwa limetundikwa ukutani. Nenda kahesabu mibuni yako na upime matunda kwa mzani. Wakulima wengi tunajua ekari zetu, hatujui miti yetu.

Halafu nyinyi Wamatengo mnajua maji kuliko mimi. Watu walioanzisha ngoro, wakachimba mashimo mlimani ili mvua isikimbie na udongo, hawahitaji bibi shamba kutoka Kibosho kuwaambia msitu wa juu unafanya kazi gani. Ukiufyeka, kahawa ya ekari tatu utaioshea nini?

Mpendwa Bibi Shamba, mume wangu amechukua hela ya butura tena mwaka huu. Mibuni ilikuwa bado na maua. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, na kahawa ilipokwisha akaingia kwenye makaa. Kibanja ni cha ukoo wake, nitasema nini? – Mama wa watoto watano, Karagwe

Mwenzangu, kwa wasomaji wasio wa Kagera nieleze: kibanja ni shamba la nyumbani, na butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua au kijani. Mwenye pesa anakuja wakati nyumba ina njaa au ada, analipa kidogo, na msimu ukifika anachukua gunia zima. Serikali imeikataza, lakini inaendelea usiku, kwa sababu ada haingoji.

Usimwambie mumeo kwamba amefanya upumbavu, hata kama ndivyo unavyofikiri. Mwambie mpige hesabu pamoja. Kwa mfano tu: kama alipewa 60,000 kwa gunia ambalo msimuni lingeuzwa 180,000, basi amekopa sitini kwa muda usiofika mwaka akalipa mia na themanini. Hakuna benki Tanzania nzima inayothubutu kutoza hivyo. Mwanamume anayeambiwa "umeuza kahawa yetu" anakasirika. Anayeonyeshwa kwamba ametapeliwa anaanza kufikiri.

Na wewe, kwa upande wako, ingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake, kabla ya miezi ile mibaya. Fungu la mwezi wa pili na wa tatu ndilo dawa ya butura, kwani mwenye butura hana biashara kwenye nyumba yenye ada. Maharage ya chini ya migomba, uza wewe. Pia nenda AMCOS ukaulize kama jina lako linaweza kuandikwa pamoja na la mumeo, au ukapewa namba yako kwa sehemu ya mibuni unayopalilia. Kuna vyama vinavyokubali. Kibanja kinaweza kubaki cha ukoo. Daftari la mauzo si la ukoo.

Kuhusu makaa, umejieleza mwenyewe vizuri kuliko semina zote nilizohudhuria. Mtu akiuza kahawa kabla haijaiva, kinachofuata kuuzwa ni miti. Hapo afisa misitu anayekimbizana na magunia barabarani anakimbiza mkia. Kichwa kiko kwenye ile siku ya maua.

Kikundi chetu kimepata mashine ya kumenya kahawa, tunaosha mtoni. Watu wa chini wanalalamika maji yananuka. Tufanyeje? – Kikundi, Tarime

Wana haki ya kulalamika. Maji ya kuoshea kahawa yana sukari na utelezi wa tunda, yakiingia mtoni yanaoza na kuwanyima samaki hewa. Chimbeni mashimo mawili, mbali na mto, maji yapite la kwanza yatue, kisha yanywee taratibu kwenye la pili. Maganda rundikeni pembeni, mchanganye na samadi na majani, mgeuze kila baada ya wiki chache mpaka yawe meusi yanukie udongo, halafu rudisheni kwenye mibuni. Mkikusanya maganda ya msimu mzima mtashangaa mlikuwa mnatupa mbolea kiasi gani. Na muwapelekee watu wa chini taarifa kabla ya kuanza kuosha, si baada.

Bibi Shamba, wewe mwenyewe unakunywa kahawa, au ni ya kuuzia Wazungu mkahesabu hela? – Mtani wako, Same

Mpare akiniuliza habari za hela najua anatafuta kesi. Nakunywa.

Sikuwa nakunywa zamani. Nimelelewa kwa chai ya maziwa, kahawa ilikuwa ada ya shule. Mwaka 2003, bei ikiwa chini kiasi kwamba watu walikuwa wanang'oa mibuni kupanda nyanya, nilijiambia kama hainunuliwi basi angalau niionje. Nikatwanga kiasi kwenye kinu kuondoa ngozi, nikapepeta, nikakaanga kwenye kikaango cha udongo jikoni kwa mama mkwe. Moshi ulipopanda nilisikia harufu ya kitu kilichochacha, kama mbege ya juzi. Nikakumbuka: wiki ile kulikuwa na msiba, nikaiacha kahawa kwenye ndoo siku tatu badala ya kuiangalia. Kahawa iliyochachuka vya kutosha ukiisugua kiganjani inakwaruza kama changarawe, utelezi umeisha. Hapo unaosha mara moja. Mimi niliipitiliza, nikaianika ikakauka ikang'aa, na gunia lenyewe nilikuwa nimeshalipeleka ghalani kifua mbele. Bibi shamba wa miaka kumi na saba kazini.

Tangu siku hiyo, kila msimu nakaanga kiganja kimoja kabla sijafunga gunia, nainusa, nainywa. Njoo nikukaangie. Nauli ni yako, na kama haitakupendeza ukataka kunishtaki, mahakama iko Moshi mjini, ukishuka stendi uulize.